Pikipiki Niliyoinunua kwa Macho

Sabato njema, ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana pale mlangoni. Mkinisikia nasema kwa sauti kubwa msidhani ni hasira. Ni furaha! Nimekaa na habari hii zaidi ya mwaka mzima, na leo mmenipa nafasi, basi nitaitoa yote. Jina la mtu sitalitaja. Makosa ni yangu, hayo nitayataja bila kuficha.

Wengi mnanijua kwa kazi. Mnaniita daktari wa ng'ombe, ingawa daktari mwenyewe yuko ofisini Homa Bay na mimi ni yule anayetumwa vijijini na sindano. Kazi yangu ni kuchanja. Ile dawa ya kuzuia homa ya mapafu ya ng'ombe lazima ikae kwenye baridi. Tunaitoa kwenye friji ya mafuta ya taa, tunaitia ndani ya chupa kubwa pamoja na barafu, na tangu hapo mtu anaenda mbio, kwa sababu barafu ikiyeyuka dawa imekufa. Ukimchanja ng'ombe dawa iliyokufa ni kama umemchoma na maji ya mto.

Kwa baiskeli nilikuwa naweza kufika Rangwe, Asumbi, na kurudi. Lakini Rongo? Migori? Kule chini ziwani? Huko ilibidi nidandie lori, na lori la mizigo haliondoki mpaka lijae. Mara nyingi nilifika nimebeba maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo nilihitaji pikipiki. Hilo halikuwa kosa. Nisikilizeni vizuri nilipokosea.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Kule mgodini, upande wa Migori, kazi ilikuwa inakwisha, na wazungu walikuwa wanauza vitu vyao warudi kwao. Nikasikia mmoja anauza pikipiki. Nikaenda. Ndugu zangu, nawaambia, nilipoiona nilisahau hata salamu! Ilikuwa pikipiki ya mashindano. Nyekundu. Tangi refu lililong'aa hata nikaona meno yangu ndani yake. Usukani uko chini kabisa, ukiishika unalala kifudifudi kama mtu anayeogelea. Yule mzungu akapiga kiki mara moja tu, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

Sikuuliza kitu. Sikuona kwamba injini ilikuwa tayari na moto, maana alishaiwasha kabla sijafika. Sikuuliza oili ile iliyo chini yake imetoka wapi. Mke wangu nilikuwa nimekwenda naye. Yeye aliizunguka pole pole, akashika ule usukani, akaniuliza, "Baba watoto, na ile chupa ya dawa utaiweka wapi?"

Nikamjibu, "Mama, hii mashine inaenda maili themanini kwa saa."

"Nimekuuliza chupa utaiweka wapi."

Mnacheka? Chekeni tu. Niliuza fahali wangu wawili nikainunua wiki hiyo hiyo. Chupa niliifunga mgongoni kwa kamba, kama mama aliyebeba mtoto.

Wiki za kwanza nilikuwa mfalme. Nikipita Rodi watu wanatoka madukani. Nikipita Rongo siku ya soko, nazunguka soko mara mbili ndipo niendelee na safari. Halafu ikaanza. Leo imegoma kuwaka, kesho cheni imekatika, kesho kutwa imekunywa oili yote. Kwenye ule udongo mweusi wa Homa Bay mvua ikinyesha, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya lami inageuka nguruwe kwenye matope. Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikaanza kumdanganya mkubwa wangu. Nikichelewa nasema daraja limevunjika. Nisipofika kabisa nasema watu hawakuleta ng'ombe. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa tano ulitoka laini kabisa.

Sasa ikafika siku yenyewe. Kulikuwa na kijiji upande wa chini wa Migori, kuelekea ziwani. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia vijiji vya jirani. Wazee wakatuma habari: tutakusanya ng'ombe wote, mje. Nikapewa chupa imejaa barafu, nikaondoka Homa Bay asubuhi, jua zuri. Kama ningeenda moja kwa moja ningefika mapema. Lakini ilikuwa siku ya soko Rongo. Mwajua tayari. Nikasimama. Nikaagiza soda. Watu wakaizunguka pikipiki, huyu anagusa tangi, huyu anauliza mwendo, nami naeleza, naeleza, chupa iko mgongoni na barafu inayeyuka.

Nilipotoka Rongo mbingu ilikuwa imefunga. Mvua ikanikuta kabla ya Sare, mvua nzito ya muda mfupi. Maji yakaingia kwenye magneto, ile inayotoa cheche za kuwasha, na mashine ikazima katikati ya barabara. Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Nilikuwa na hasira, nikarukia kile chuma kwa uzito wangu wote, na injini ikarudisha kiki kwa nguvu mara mbili ya niliyoipa. Mfupa wa mguu wa kulia nikausikia ukilia, ka! Nikaanguka pembeni ya barabara na pikipiki ikanilalia.

Nililala hospitali wiki nyingi. Mkubwa wangu alipokuja nilikuwa na uongo tayari. Nikasema nilifika hadi ng'ambo ya Migori, nikakuta mto Kuja umefurika kwenye kivuko cha kwenda kijijini, nikageuka, nikaanguka njiani nikirudi. Akaandika hivyo, na hakutuma mtu mwingine, maana mto umefurika. Kule kijijini ugonjwa ukaingia. Sitaki kuwaeleza sana jinsi ng'ombe mwenye homa ya mapafu anavyokufa. Anasimama ameinyosha shingo, anatafuta hewa. Baadhi yenu mmeyaona hayo kwenye mazizi yenu.

Niliporudi kazini nilipewa kazi ya kuosha chupa. Kanisani nikaacha kuja. Pikipiki nikaifunika kwa gunia nyuma ya nyumba, sikutaka hata kuitazama. Mke wangu alikuwa ananiwekea chakula, ananitazama tu. Nilijua anajua.

Hapo ndipo Mungu alipomtuma mtu. Siku moja mchana nimekaa nje nimenyosha mguu, akaja mama mmoja mjane, amepanda basi kutoka kule chini ya Migori. Sikumjua. Akasalimu, akakaa, akakataa chai.

Akasema, "Wuoda, wewe ndiye ulikuwa utuletee dawa?"

Wuoda maana yake mwanangu. Aliniita mwanangu, na alikuwa amefiwa na ng'ombe wawili wa kulimia na mmoja wa maziwa. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Nilisikia mto ulikuzuia."

Nikaanza kuupapasa mguu.

"Siku ile," akasema, "mimi nilitangulia kwenye kivuko cha Kuja tangu asubuhi. Nilisema huyu mtu ni mgeni, nitamwonyesha pa kupitia. Nilisimama pale mpaka jioni. Maji hayakufika magotini. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza. Ni mto gani huo uliokuzuia?"

Ndugu zangu, mguu ulipovunjika sikulia. Pale nililia. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Mama, hakukuwa na mto. Nilikuwa sokoni Rongo nikijionyesha. Halafu mashine ikanishinda."

Nilingoja anilaani. Alikuwa na haki. Akafunga vizuri leso yake, akasema, "Nilitaka niyasikie kwako mwenyewe. Sasa futa uso. Nimebaki na mtamba mmoja, na ugonjwa bado unazunguka. Hiyo pikipiki iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akafunua gunia, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu ana mashine ya kusaga unga Migori. Wakati wa vita alikuwa anatengeneza pikipiki za jeshi. Mpelekee. Mwambie nimekutuma mimi."

Nikaisafirisha kwa lori siku ya pili yake! Fundi yule alikuwa mzee mnene, amejaa unga hadi kwenye nyusi. Aliitazama pikipiki, akaizunguka, akapiga teke gurudumu.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu yangu, "hii imetengenezwa kukimbia kwenye lami. Lami yako iko wapi?"

"Haiko."

"Basi ama uitafute lami, ama tuifundishe barabara yetu. Chukua hii spana. Wewe utafungua, mimi nitakunywa chai."

Na kweli alikunywa chai! Kila Jumapili nilikuwa pale. Nilifungua kila nati kwa mkono wangu. Nikikosea ananiambia funga, anza tena. Tukaondoa ule usukani wa kuogelea, tukaweka wa juu, mtu akae kama anayekalia kiti. Tukabadilisha gurudumu la meno la nyuma, tukaweka kubwa zaidi, mwendo ukapungua lakini nguvu ya kupanda matope ikaongezeka. Chini ya silinda tukaweka bamba jembamba, injini ikawa mpole, haipigi tena teke kama punda. Kabureta tukaivisha kitambaa chenye oili kuzuia vumbi. Magneto tukaizungushia mpira wa tyubu mpaka ukiimwagia ndoo ya maji haisikii. Nyuma mzee akachomelea kiti cha chuma, tukatia majani makavu na blanketi, na chupa ya dawa ikapata mahali pake.

Siku tuliyoiwasha, iliwaka kwa kiki ya pili. Haikunguruma kama zamani, ilikuwa inasema tu, dudu-dudu-dudu, kama mashine yake ya unga. Mzee akatega sikio. Akasema, "Sasa inafanya kazi. Zamani ilikuwa inaimba."

Lakini kazi kubwa zaidi ilibaki Homa Bay. Nikaingia kwa mkubwa wangu, nikaungama kwake uongo wangu wote, kuanzia daraja mpaka mto. Nilijua naweza kufukuzwa. Alinikemea mpaka makarani wakatoka nje. Nikaendelea kuosha chupa miezi mitatu zaidi. Kisha, mzunguko wa pili wa chanjo ulipofika, akaniita, akanisukumia chupa ya barafu juu ya meza. Akasema, "Kijiji kile kile. Ukirudi na hadithi, usirudi."

Aaah, ndugu zangu, ile safari! Niliondoka alfajiri kulipopambazuka. Rodi nimepita, watu wananipungia, nami nimepunga tu. Rongo ilikuwa siku ya soko, na soda ziko palepale, na mimi huyoo, nimepita! Karibu na Sare mvua ikashuka tena kama iliyokuwa imeniweka kiporo. Mashine ikakohoa. Lakini safari hii mikono ilijua la kufanya. Nikasimama chini ya mti, nikatoa plagi, nikaifuta, nikaweka nyingine niliyoikausha kwapani, nikapiga kiki moja. Dudu-dudu-dudu! Nilipiga kelele peke yangu barabarani kama kichaa. Migori nikaivuka. Kivuko cha Kuja nikakiingia, maji yakiruka pande zote mbili, nikatokea ng'ambo nimelowa mpaka masikio na injini inaendelea kusema.

Watu walikuwa wamekusanyika na ng'ombe wao. Hakuna aliyeshangilia. Walinitazama tu, na walikuwa na sababu. Nikateremsha chupa. Mzee mmoja akasema, "Itikise." Nikaitikisa. Na ndani yake tukasikia barafu ikigonga, kocho, kocho, kocho!

Hapo ndipo sauti zilipopanda. Yule mama mjane akapita katikati ya watu anavuta mtamba wake kwa kamba, akasema, "Mimi nina zamu ya kwanza." Hakuna aliyebisha. Nikamchanja. Tulichanja mpaka sindano ikaniumiza kidole, na kijiji kile hakijazika ng'ombe wa homa ya mapafu tangu siku hiyo. Mtamba yule ana ndama sasa.

Basi nashukuru. Nashukuru Mungu aliyenivunja mguu akaniachia shingo. Namshukuru mke wangu, aliyeuliza swali la maana nami nikajibu habari za maili. Namshukuru mzee wa mashine ya unga, na mkubwa wangu ambaye alinikemea na bado akanipa chupa. Na yule mama, yumo humu ndani, amenikataza nisimwonyeshe kwa kidole. Mama, ero kamano. Asante sana.

Kwenu vijana, maana najua wengine mnatafuta pikipiki za mtumba: nendeni mkaione ikiwa imelala baridi, muiwashe wenyewe. Tazameni chini yake. Iendesheni kwenye barabara mtakayopita kila siku, si kwenye uwanja wa muuzaji. Mkiwa na wake, waacheni waulize maswali. Na ikiwaangusha, kwa sababu kila mashine huanguka siku moja, semeni imeniangusha. Msisingizie mto. Mimi ningesema hivyo mapema, ofisi ingemtuma mtu mwingine kwa lori, na ng'ombe wale watatu wa mama labda wangekuwa hai hadi leo. Hilo nalibeba, na sitalitua.

Sasa nakaa. Kesho asubuhi nakwenda Muhuru Bay, kuna mazizi yanasubiri. Pikipiki iko pale nje kwenye kivuli. Anayetaka kuja nami aje, lakini kiti cha nyuma ni cha chupa, kwa hiyo atakuja na baiskeli yake.