Bingwa na Dada Aliyekatwa Kwenye Picha

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Kona, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na gereji ya malori. Alizoea kulala katikati ya kelele za nyundo. Gereji ikifungwa, alikuwa akilia.

Alimaliza shule ya msingi, akaingia chuo cha ufundi. Mwaka 1969 alifukuzwa kwa kulizungusha gari la mkuu wa chuo kwenye uwanja wa mpira. Dada yake mkubwa, wakati huo tayari fundi wa injini katika gereji ile, alikwenda kumwombea msamaha akarudi mikono mitupu. "Mwalimu kasema hana nafasi yako," alimwambia. "Mimi ninayo. Shika spana."

Alianza mbio za magari mwaka 1974, akatwaa ubingwa mwaka 1979, 1980 na 1983. Bila kutia chumvi, injini zote tatu zilifunguliwa na kufungwa na dada. Kabla ya kila shindano dada ndiye aliyetangulia kuendesha njia yote, mdogo wake akiwa kwenye kiti cha abiria, amefumba macho, akisikiliza gari. Wapinzani walimchokoza: "Kona, bado unabebwa na dada?"

"Nabebwa," aliwajibu. "Nanyi mjiandae kupitwa."

Mwaka 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu. Siku ya posa msemaji alikuwa dada, grisi ingali kwenye kucha. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu nimemwelewa. Bwana harusi ndiye sijamsikia."

Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa filamu kutengeneza filamu ya maisha ya bingwa. Walikaribishwa sebuleni, wakanywa chai, wakamhoji dada mchana kutwa. Filamu ilipokamilika, ndani yake hamkuwa na neno la dada hata moja. Kwenye bango waliweka picha ya ushindi wa 1983, dada wamemkata, mkono wa marehemu umebaki umeegemea hewa. Hilo halikuwa kosa la mkasi. Marehemu alipompigia simu mtayarishaji, alijibiwa, "Mzee wetu, filamu inataka shujaa mmoja. Watazamaji watachanganyikiwa."

"Basi nitoeni mimi," alisema. "Yeye mwacheni."

Aligoma kwenda kwenye uzinduzi. Suti waliyomshonea aliirudisha bila kuijaribu. Ndipo wakaeneza maneno kwamba uzee umemvuruga akili. Huo ni uongo, na walioueneza wanajijua. Mzee Kona alikuwa na akili timamu na hasira ya haki.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Hata pumzi ilipokuwa ya kuazima, hakuacha kuwapigia simu. Dada alimsihi, "Achana nao, mdogo wangu. Mimi mwenyewe nimeshasahau."

"Wewe sahau," alimjibu. "Mimi bado."

Alifariki hospitalini tarehe 14 Juni 2024, saa tatu asubuhi, dada na mkewe wakiwa kando yake.

Juzi watu wale wale waliomba ruhusa ya kurekodi mazishi haya ili toleo jipya la filamu yao lipate mwisho mzuri. Familia iliwapa sharti moja: kwanza dada arudishwe kwenye filamu, kwa jina lake na kazi yake, na maneno yake yasikatwe. Hawajajibu. Ndiyo maana hamuoni kamera hapa, na dada yuko mstari wa mbele.

Marehemu ameacha dada, fundi wa injini na bingwa mara tatu, mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Apumzike yeye, amefanya sehemu yake. Sisi tuliobaki tusipumzike mpaka dada arudishiwe kilicho chake, naye angali hai kukipokea.