Mama Mathilde Nabintu, Mpishi wa Bongo za Majaribio

Mama Mathilde Nabintu anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuitumikia maabara yetu ya Lilongwe miaka kumi na saba. Alianza kwa kuosha vyombo. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa bongo za majaribio, kazi ambayo hakuna chuo kilichomfundisha.

Alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka Bukavu, Kongo, akashona sare za kwaya hadi alipopata kazi hapa. Miaka yote hiyo alitoka kambini alfajiri, na bado aliwatangulia wanaokaa Kawale, hapa hapa mjini. Akikuta sinki chafu hakuuliza ni nani. Aliosha, kisha jina la mkosaji likajulikana wakati wa chai.

Mwaka 2019 Daktari Eliezer Bucumi alianzisha utafiti wa kupiga picha ya ubongo kwa mwanga na sauti. Mwanga mkali wa kufumba na kufumbua unapenya kichwani. Damu inaunyonya, inapata joto kidogo sana na kutoa sauti tusiyoweza kuisikia. Mashine inaisikia na kuichora. Chembe za dhahabu, ndogo kuliko chembe ya damu zaidi ya mara mia, zinaiongeza sauti hiyo. Tunawalenga watoto wachanga, kwa sababu utosini mfupa wao haujafunga. Lakini kabla ya mtoto yeyote tulihitaji ubongo wa bandia, na Mama Mathilde akaupika: jelatini, maziwa kidogo, na mirija myembamba badala ya mishipa.

Mwaka juzi picha zilijaa madoa. Miezi mitatu tuliilaumu dhahabu, tukidhani chembe zinagandana. Wageni kutoka chuo kikuu walikuwa wanakuja Alhamisi kuamua kama utafiti ufungwe. Jumatatu Mama Mathilde aliingia ofisini kwa daktari, mwiko mkononi.

“Docteur, dhahabu haina kosa. Ni mi. Hii ubongo nimeisonga sawa bugali.”

“Na bugali yako iko na shida gani, Mama?”

“Kwa sahani, hakuna. Kwa mashine, iko na upepo ndani.”

Alikuwa amekoroga kwa nguvu zote, kama wanavyosonga ugali kwao, na vipovu vya hewa vikazuia sauti. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Jumanne na Jumatano alipika upya, taratibu, kwa kijiti cha kioo. Alitupa tano, akabakiza wa sita. Alhamisi mishipa yote ilionekana, safi kama uzi mpya. Utafiti ukaongezewa miaka mitatu.

Naomba niseme na langu. Mwaka jana mwanangu Cadeau alifariki Dzaleka akiwa na miezi mitano. Damu ilivuja kichwani mwake na hakuna aliyeweza kuiona. Mama Mathilde ndiye aliyemvalisha soksi zake za manjano. Niliporudi kazini alinivutia kiti kando yake, akaanza kunifundisha kupika.

Mashine bado haijamgusa mtoto. Septemba kamati ya maadili itaamua kama tuanze kwa mwanga na sauti peke yake, bila dhahabu. Ubongo watakaoonyeshwa nimeupika mimi. Mama aliukataa mara mbili, ya tatu akaukubali.

Mama Mathilde, zikomo, aksanti sana. Upumzike vizuri, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Mashine hii tutaifikisha zahanati ya Dzaleka, na siku itakapowashwa tutakuita wewe kwanza.

Annuarite Maombi, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara