Timu ya Mchezaji Mmoja

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kichumba cha dada yangu cha kuchapa na kutoa kopi. Kahawa ipo, maneno yapo, kazi ndiyo haba. Asubuhi dada kamchapia Kocha orodha ya wachezaji, kwa programu aliyoiandika mwenyewe, kisha kafunga kampeleka mwanawe kliniki. Saa nane Kocha huyo, karudi mbio kutoka kwa waamuzi, karatasi inapepea. Wameikataa. Ikifika saa tisa hawajapata nyingine, timu ya mtaa nje ya kombe. Na karatasi yenyewe mstari mmoja tu:

Mwamba\nKigingi\nSimenti\nKoleo\nBawaba\nTindo\nKigingi\nNyundo\nParafujo\nPatasi\nMsasa

Kocha: Mwamuzi ananiuliza, "Huyu mwenye jina refu kama reli atacheza peke yake?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini!

Breki, fundi baiskeli, kaivuta karatasi.

Breki: Tulia. Hiki kijiti kilicholala na hii n, hapo ni namba. Mashine imekuachia nafasi ya namba za jezi.

Profesa, kinyozi wetu, katikisa kichwa.

Profesa: Acha ushamba. Hiyo ni saini. Mashine inasaini kila jina, kesho ikitokea kesi isikane. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Breki: Uchi umeingiaje hapa?

Profesa: Umeingia. Kunywa kahawa.

Breki: Basi mimi nakwambia huo ni mnyororo. Mashine imewafunga pamoja. Ukimtoa mmoja kipindi cha pili, wanatoka wote!

Kocha: Jamani, saa nane na robo!

Mimi: Mngojeni dada.

Profesa: Dada yako kachemka, mdogo wangu. Mpanda ngazi hushuka.

Kumbe dada kashafika, mtoto mgongoni, funguo mkononi. Kafungua, kawasha, kakitazama kioo cha kompyuta, kacheka kidogo.

Dada: Kosa langu kweli. Hiyo \n ni amri, Kocha. Maana yake, "shuka mstari mpya." Sasa mashine imeiandika amri badala ya kuitii. Ni kama unamwambia beki "rudi nyuma!" naye anasimama palepale anakujibu "rudi nyuma!"

Kocha: Namjua huyo! Si Patasi!

Dada kabadilisha neno moja. Moja tu, huku anambembeleza mtoto, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Mashine ikakohoa. Majina yakashuka, kila mtu na mstari wake, yamenyooka kama wanapigwa picha. Breki kavua kofia. Profesa, asiyemsifu mtu, kaishika karatasi kwa vidole viwili isichafuke.

Profesa: Huyu binti ana kichwa. Nilisema tangu mwanzo.

Breki: Ulisema saa ngapi?

Mama mmoja, mgeni, alikuwa kaja kutoa kopi ya kitambulisho. Kachungulia begani kwa Profesa.

Mgeni: Samahanini. Naona Kigingi ni wa pili, tena ni wa saba. Sasa wa kumi na moja ni nani?

Dada kaichungulia karatasi.

Dada: Mimi nimeandika ulivyonitajia, Kocha.

Kocha kashuka na kidole, jina kwa jina, mpaka chini. Saa nane na nusu. Kainua macho, kaanza kutuangalia miguu, mmoja mmoja. Profesa akaikunja yake chini ya benchi.