Komeo na Kompyuta Iliyouliza "Nani?"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mzee aliyeitwa Komeo. Jina hilo alibandikwa na mkewe, na hakulipenda hata kidogo. Ametutoka mwezi uliopita kwa maradhi ya moyo.

Komeo alikuwa fundi wa nyaya za simu. Akiwa juu ya ngazi, alisikia siri za watu zikipita kwenye waya, utadhani amekaa sebuleni kwao. Tangu hapo hakumwamini mtu. Akakataa picha za familia zihifadhiwe kwenye mitambo ya makampuni. "Wanitunzie bure kwani mimi ndugu yao?" Akanunua kompyuta kuukuu, akaiweka juu ya kabati la vyombo, ikawa ghala la familia. Picha zote zilikuwa humo. Hata video pekee ya kitinda mimba wao, aliyefariki akiwa mdogo, ilikuwa humo.

Jirani akiomba waifai, hapati. Runinga mpya ikanyimwa mtandao. "Nimeinunua niitazame mimi, si yenyewe initazame." Mkewe naye akapewa mtandao wa wageni.

"Nimekuzalia watoto, leo mimi mgeni?"

"Si wewe, mke wangu. Ni simu yako. Kikulacho ki nguoni mwako."

Basi mama naye akaanza kumshuku. Mwanamume anayefunga hivyo, alijiambia, ana mtu.

Siku chache baada ya mazishi, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka na swali moja tu: "Nani?" Ilitaka neno la siri. Binti yao akajaribu tarehe za kuzaliwa. Wapi! Akajaribu majina. Wapi!

"Mama, tuache," akasema. "Baba aliitega. Tukizidi kukosea inajifuta yote."

Mama akaliangalia lile swali, akalijua. Enzi za uhai wa mumewe, kila jioni akirudi kutoka dukani alikuta mlango umekomewa. Akibisha, sauti ya mumewe inauliza: "Nani?" Naye, miguu inamuuma, hujibu yaleyale. Akamwambia binti ayaandike, neno kwa neno: "Mimi mkeo, fungua kabla sijabadili mawazo."

Ikafunguka.

Wasikilizaji wapendwa, hapakuwa na mwanamke mwingine. Palikuwa na mtoto anacheka, anaikimbilia kamera. Mama alimtazama mpaka chai ikapoa mkononi.

"Nilimshuku bure," alituambia. "Mie ndiye niliyekuwa ufunguo, na hakuniambia. Mbona hakuniambia?" Akalia, nasi tukazima kinasa sauti.

Neno hilo la siri amekwisha kulibadili, ndiyo maana tumeruhusiwa kulitaja. Tulipouliza la sasa, akatukata jicho. "La nini kwenu?"

Tunawapa pole mjane, binti na ukoo mzima. Mungu amlaze pema Komeo. Nawe msikilizaji, funga mlango wako, maana wezi wapo. Ila aliye ndani pamoja nawe, mwambie unavyofunguliwa. Mwambie leo, ungali na sauti ya kumwambia.