Mama Simba na Visanduku Vitano

Ndugu zangu, amani iwe na kila mmoja aliyeacha kazi zake leo akaja kukaa kwenye mabenchi haya. Mniwie radhi, nitasoma. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisema kwa kichwa tu, najijua: nitapunguza pale panaponiuma na kuongeza pale panaponipendeza. Shule yangu mnaijua, niliishia darasa la tano. Mkisikia sentensi imepinda, ni yangu mwenyewe. Sikumwomba mtu aninyooshee.

Sitataja jina la mtu. Ni jina moja tu la utani, mbali na langu, nitakalotaja, na mwenye nalo nimemwomba ruhusa, akanipa.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka miaka ile ya vita, Kindu ilipofungwa pande zote. Treni haikuja. Kwenda shamba kulikuwa kujitafutia kifo. Ninyi vijana, nawaambia, kuna kitu kilichotutesa ulimi kuliko njaa yenyewe, nacho ni chumvi. Ilishuka na ndege, kidogo, na mtu wa kawaida aliinunua kwa kijiko. Tulikula sombe, majani yetu ya muhogo ya kutwangwa, bila chumvi mpaka watoto wakawa wanageuza uso wakiona sufuria.

Hapa kwetu Alunguli alikuwapo mwalimu mmoja mzee, mjane. Shule zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyemlipa, lakini hakujua kukaa bure. Akasema, akina mama, vita vikiisha mtakuwa mmesahau herufi. Basi kila Jumamosi mchana, katika chumba hikihiki cha parokia, alichora ubaoni maneno yanayokutana. Sisi tuliita mokruwaze. Kwa asiyejua: ni visanduku vitupu, vingine vimelala, vingine vimesimama, na kila safu ina kidokezo chake. Kidokezo kikisema "Mji wa madini ya bati", unahesabu visanduku sita, unaandika KALIMA. Na ile L ya KALIMA inakuwa pia herufi ya neno lingine linaloshuka. Ukikosea moja, unaliharibia na la jirani.

Tulinakili nyuma ya karatasi kuukuu za stesheni, kwa makaa au kipande cha penseli kwa aliyekuwa nacho. Wa kwanza kumaliza bila kosa alipewa na parokia kikombe kimoja cha chumvi.

Kila Ijumaa mimi nilimfulia mwalimu nguo. Daftari lake la majibu lilikaa mezani. Ndugu zangu, hapa nimefuta mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba lilikuwa wazi. Si kweli. Lilikuwa limefungwa, na juu yake ameweka miwani yake. Niliondoa miwani.

Sitasema chumvi ilinisukuma. Kulikuwa na akina mama kumi na kitu kwenye mabenchi haya, wote na ulimi ule ule, na hawakuiba. Nilinakili majibu kwenye kipande cha karatasi, nikakificha kwenye kitambaa cha kichwa, na Jumamosi nikajaza visanduku kwa kuhesabu tu: hiki cha nne, hiki cha saba. Vidokezo sikuvisoma. Nivisome vya nini? Nilishinda mara nne. Daftari langu la wakati ule linasema nne, ila silitegemei sana, liliandikwa na mwizi. Watu wakaanza kuniita Profesa. Nikaitika.

Kando yangu kwenye benchi alikaa jirani yangu. Huyu alitwanga majani ya muhogo akauza, amefunga mafungu yake kwa majani ya mgomba. Kinu chake ndicho kilichotuamsha mtaa mzima. Alisoma miaka miwili tu. Jumamosi zote zile hakuwahi kujaza hata nusu ya visanduku, na hakuwahi kukosa kuja. Alikuwa akitoa ulimi kidogo pembeni anapoandika, kama mtoto.

Jumamosi moja nikamwangalia, nikamwonea huruma. Naandika huruma kwa sababu njo neno nililohisi, ingawa sasa silipendi. Alikuwa na maneno matatu tu. Moja lilikuwa la herufi tano na ameandika SOMBE. Nikatazama langu: SIMBA. Nikamnong'oneza kwamba pale amekosea, aweke SIMBA.

Akasoma kidokezo kwa kidole. Kilisema: "Hutwangwa kabla ya kupikwa."

"Profesa," akasema, "simba njo inatwangwa?"

Hapo ningesimama. Hapo ndipo ningesoma. Badala yake nikamjibu kama mtu mwenye shule, "Maneno ya ubaoni hayafanani na ya jikoni. Weye jaza."

Akaangalia viganja vyake. Mnajua viganja vya mtu wa mchi vinavyokuwa. Kisha akalowesha kidole, akafuta, akaandika SIMBA, herufi moja moja. S, M na B zilibaki pale pale, kwa hiyo hakuna neno la jirani lililolalamika. Akaniambia aksanti.

Mwalimu akagonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu. Jirani yangu akapeleka karatasi yake kwanza. Mimi nilikuwa bado nahesabu visanduku vya mwisho. Mwalimu akatazama ya kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema kwamba kwa majuma kadhaa ameona miwani yake haikai alipoiweka, na juma hili ameandika kwa makusudi jibu moja la uongo kwenye daftari lake. Aliyeandika SIMBA, akasema, hakusoma ubao. Amesoma daftari la mwalimu.

Watu walicheka kwanza. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Simba yako, mama, uliitwanga katika kinu gani?" Mwingine akataka kujua kama ngozi inatolewa kabla au baada. Mwalimu hakucheka. Alimsimamisha jirani yangu mbele yetu sote, akamuuliza alilifungua daftari lini. Akajibu kwamba hajafika kwa mwalimu hata siku moja.

"Basi nani alikupa neno hili?"

Ndugu zangu, alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeshika mlango wazi ili mwingine apite.

Mimi nilikuwa na karatasi yangu mapajani. Nikalowesha kidole. Kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze nikasoma kidokezo, na jibu likaja lenyewe, kwa maana kila mwanamke wa Maniema analijua. Nikasugua I, nikaweka O. Nikasugua A ya mwisho, nikaweka E. Ndilo neno pekee katika mokruwaze zote nililolipata kwa akili yangu, na nililipata wakati ule.

Yeye akarudisha macho kwa mwalimu. "Kichwa yangu njo ilinipa," akasema.

Mwalimu akamwambia asirudi. Sitaki kumlaumu mzee yule. Alikosea kumsimamisha mbele ya watu, nadhani, lakini alikuwa ameibiwa kweli, na aliyemwibia alikuwa amekaa kimya na karatasi safi. Nikapeleka karatasi. Kikombe cha chumvi nikapewa mimi.

Siku mbili baadaye nilimpelekea jirani yangu chumvi kidogo kwenye kipande cha jani. Nikajifanya mtu anayefariji. Akapokea kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo mtaa ukamwita Mama Simba. Akipita na beseni lake watu walinguruma. Watoto wake wakaitwa wana wa simba. Wateja walitaka kwanza kujua kama leo ni sombe au ni yule mwingine, kisha wakacheka, kisha wengine wakaenda kununua kwingine. Njia zilipofunguka akahama, akaenda Kalima kuwapikia wachimbaji. Nilijiambia amefuata biashara. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini sehemu nyingine naijua.

Mwalimu alifariki miaka michache baada ya amani. Nililia sana, na watu wakasema, tazameni mwanafunzi alivyompenda mwalimu wake. Hilo nalo niliitika.

Mvua za mwaka juzi Mama Simba akarudi. Amezeeka, kama mimi. Jina likarudi naye, ila ninyi vijana hamjui lilikotoka. Mnadhani ni la heshima, la mwanamke shujaa. Nimesikia wengine wenu mkimsalimia kwa jina hilo na kuinama.

Na mwaka huu Shirika letu la hapa parokiani likaamua akina mama wajifunze tena kusoma. Mama mwenyekiti akaja kwangu, mkarimu kama alivyo, akasema, "Profesa, wee ulikuwa bingwa wa mokruwaze, utuchoree ubaoni." Nikakubali. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaalika wenzangu, na siku ya tatu nikafika kwake. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia, mama, njoo darasani.

Akasema apana. Nikamwuliza kwa nini. Hakusimamisha mchi.

"Siku ya mwisho nilikaa pale, neno niliandika muzuri, halafu nikalifuta," akasema. "Tangu ile siku, ata nikijua kitu, nasema kwanza niulize mwingine."

Kisha akanisimulia jambo la Kalima. Alikuwa amejipatia kiwanja kidogo, mahali pa kujenga jiko lake. Muuzaji akaleta karatasi aweke kidole. Alisoma, maana jina lake anajua kulisoma, na jina kwenye karatasi halikuwa lake. Aliliona kabisa. Lakini akasema moyoni, labda karatasi njo ziko hivi, hazifanani na mambo ya jikoni. Akaweka kidole. Miezi michache baadaye akafukuzwa kwenye kiwanja.

Ndugu zangu, hayo maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nayasikia tena kutoka kinywani mwake, yamekaa ndani yake miaka yote hiyo, na kumbe yalikuwa bado yanafanya kazi. Mimi nilidhani nimemnyang'anya kikombe cha chumvi. Kati ya maneno yote ya visanduku vya siku ile, moja tu lilikuwa lake, kwa kazi ya mikono yake, na ndilo nililomwambia afute.

Nikakaa chini pale kwenye vumbi nikamwambia yote. Miwani, kitambaa cha kichwa, kidole chenye mate. Akaendelea kutwanga mpaka nikamaliza.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukisugua."

Nikamwuliza mbona hakunitaja.

"Ulikuwa umenipa neno. Muntu akikupa kitu, utamusema namna gani mbele ya watu? Nilingoja useme weye. Nikangoja ile Jumamosi. Nikangoja Jumamosi ya kufuata. Nikachoka kungoja, nikaenda Kalima."

Akatia majani mengine kinuni. Kisha akaongeza, "Na ile chumvi ulinileteaka ku jani ilikuwa kidogo sana." Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, ila nilishukuru kwamba yeye ameweza.

Nikamwuliza nifanye nini. Kiwanja siwezi kukirudisha. Nilimpa mikono yangu: sasa asubuhi natwanga naye, na yeye atasema kama natwanga vizuri, mimi nisijisifu. Lakini aliomba jambo moja. Niyaseme palepale, kwenye ubao, mbele ya watu, kama yeye alivyosimamishwa. Nikataka kuwaomba ninyi mwache lile jina. Akakataa. "Jina uliache," akasema. "Wajukuu wanalipenda. Useme tu lilitoka wapi."

Basi mmejua lilitoka wapi. Mama Simba hakufungua daftari la mtu. Aliyefungua ni mimi, na mkaniita Profesa. Jina hilo la pili naomba nilirudishe leo, halikuwa langu.

Namshukuru mama mwenyekiti, ambaye nilipomwambia kwamba bingwa wake alikuwa mwizi aliniuliza nataka kusema siku gani. Namshukuru marehemu mwalimu, ambaye nilimwacha afe akimhukumu asiye na kosa, na sijui nitamwambia nini tukikutana. Namshukuru Mungu aliyemrudisha jirani yangu akiwa hai. Na yeye mwenyewe namshukuru kwa kungoja, ingawa si haki kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakupaswa kutozwa.

Kama nina somo la kuwaachia, ni dogo, na mwenye shule zaidi atalisema vizuri zaidi. Kabla hujampa mwenzako jibu, hakikisha kidokezo umekisoma wewe mwenyewe. Na wewe uliyeandika neno unalolijua kwa mikono yako, akija mtu wa sauti ya shule akakwambia ufute, mwambie akusomee kwanza swali.

Namaliza. Nyuma yangu ubaoni nimechora visanduku vitano tu. Kidokezo mnakijua. Mimi sitavijaza, na nawaomba mtu yeyote asinong'one.

Mama Simba, chaki iko hapa.