Soksi Mikononi

Mwaka ule mitumba ilipojaa Mbinga, nilipanda Landrova pamoja na Mama Avelina wa Ngumbo, aliyevaa soksi mikononi.

"Shikamoo mama. Mikononi tena?" akauliza Muharami, muuza mitumba aliyeketi mbele yetu.

"Marahaba. Baridi ya huku inaniumiza, mwanangu. Ngozi imekakamaa. Daktari anasema askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, wameigeukia ngozi yangu. Leo anakata kipande akawaangalie."

"Usikubali kukatwa! Liparamba kuna mganga, anachanja chale tu."

Nilijiuliza chale zisizokata zikoje.

Mama akavua soksi moja kwa meno. Mkono ulijaa makovu ya chale. "Huyo alikata, hakuangalia kitu. Huyu anakata ili aangalie."

"Lakini mama..."

Gari likasimama hospitalini. Muharami akanyoosha mkono amsaidie. Mama akashika bomba la mlangoni kwa vidole visivyokunjika, akashuka mwenyewe.