Vunjajungu wa Kiwanja cha Mbele

Marehemu alikuwa na sharti moja kazini: mdudu huandikiwa lebo palepale alipookotwa, kabla mtu hajanawa mikono. Alilivunja mara moja tu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kifungua mimba wa fundi saa. Alipata stashahada ya elimu ya wadudu mwaka 1976, akaajiriwa kutunza makabati ya wadudu katika jumba la makumbusho hadi alipostaafu mwaka 2007. Vijana aliowafundisha walimwita Bwana Lebo, ila si mbele yake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980. Asubuhi hiyo, akikatiza kiwanja cha mbele cha jumba hilo, aliona vunjajungu wa ardhini: mdogo kuliko kucha, rangi ya vumbi, anakimbia chini kama sisimizi. Hakuna aliyewahi kumwona kwingine. Akapiga magoti na suti yake.

"Bwana harusi, umeangusha pete?" shemeji yake alimtania. "Inuka, dada yangu anasubiri!"

Alimtia mdudu ndani ya kiberiti, akaenda. Lebo aliiandika siku ya tatu na, kwa mazoea ya kuokota wadudu huko, akaandika "uani, nyuma ya stoo."

Mwaka 2004 mkurugenzi alitaka kujenga maegesho. "Mzee, wale wadudu wako wanaishi wapi? Tusije tukawamaliza."

"Lebo inasema uani."

"Na wewe unasemaje?"

Marehemu aliionyesha tena lebo. Aliona haya kukiri mbele ya vijana wake kwamba aliikosea. Uani pakawekwa uzio. Kiwanja cha mbele kikamwagwa zege. Lilikuwa kosa, na mwenyewe aliagiza tusilifiche leo.

Tangu hapo hakupiga hatua nyumbani bila kufagia sakafu mbele ya miguu yake kwa brashi ndogo.

"Baba watoto, unatafuta nini?" mkewe alimwuliza.

"Taratibu, mama. Utawakanyaga."

Sakafu ilikuwa tupu. Alisema anawasikia wakikwaruza chini ya zege, ilhali vunjajungu yule hana sauti.

Aliugua figo Januari 2021. Wodini aliomba aletewe ile lebo na penseli, akaisahihisha: "kiwanja cha mbele." Alifariki tarehe 2 Agosti, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Mungu ampe amani aliyoikosa kwa miaka kumi na saba.

Vunjajungu yule hajaonekana tena.